Shukrani kwa Mwandishi wa Mikoko

Sahibu yangu, mswada wako juu ya mikoko ya Lamu umenifikia salama. Nimeusoma taratibu, kwani haukubali kusomwa mbiombio. Ulichonitunukia ni miaka yako ya kutazama, na umeiandika kwa Kiswahili chetu cha pwani.

Waandishi wengi wa mazingira hutusomea hesabu: zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, aina zake nchini ni 9. Nawe umeyataja hayo, kwa sentensi moja, kisha ukaingia matopeni. Hapo ndipo ufundi wako ulipo. Unamchukua msomaji maji yakiwa yamekupwa, ukamwonyesha mizizi: ya mkoko imeinuka na kupinda juu ya tope, ya mchu imechomoza wima, ya msinzi imekunjika kama goti. Halafu unamwambia ashike jani la mchu, atazame chembe za chumvi zilizoganda juu yake, azionje kwa ncha ya ulimi. Ukurasa mzima umelitengea jani moja, wala sikuchoka.

Na ile mbegu ya mkoko! Huota ikiwa ingali inaning'inia mtini, ikaanguka ikiwa mche tayari. Ikikuta maji yamekupwa hujichoma topeni papo hapo. Ikikuta yamejaa huelea, ikachukuliwa na mkondo hadi ipate pa kushika. Umeyaeleza haya bila kivumishi hata kimoja cha kujipendekeza.

Ninalokusifia zaidi ni kwamba hukuwafuta watu. Fito, pau, mazio, boriti: kila unene wa mti una jina lake kwa wakataji, nawe umeyahifadhi yote. Umeonyesha jinsi urefu wa boriti ulivyoamua upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Lamu, kisha ukayafuata majahazi yaliyopeleka boriti hizo Uarabuni, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mwingine angemgeuza mkataji kuwa adui. Wewe umemsikiliza, ukaandika anavyochagua mti wa kukata na wa kuacha. Na palipokatwa hadi pakabaki uwanda mtupu, umepataja wazi vilevile. Uadilifu wa namna hii ni adimu. Wengi wetu tunaoandika juu ya msitu huupenda zaidi ukiwa hauna mtu ndani yake.

Ahsante sana, sahibu. Ila nina ombi. Sura ya mlilana ni fupi mno. Mti ambao mafundi huchongea mataruma ya vyombo vya baharini unastahili zaidi ya kurasa mbili. Nenda Matondoni, ukae na mafundi wenyewe, uwaulize, uongeze. Ukimaliza tumtafute mchapishaji, maana kitabu hiki kinapaswa kusomwa madarasani Lamu kabla ya kusomwa penginepo.