Mzito wa Ulimi: Kwa Nini Leonard Cohen Bado Anasikilizwa

Washarika wengi wameusikia wimbo uitwao "Hallelujah", iwe harusini, redioni au katika filamu ya katuni ya Shrek ya mwaka 2001. Wachache wanamjua aliyeutunga. Leonard Cohen alizaliwa mwaka 1934 huko Montreal, Kanada, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mshairi mwenye vitabu kabla hajawa mwimbaji, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967, akiwa na miaka 33.

Tuseme ukweli: hakuwa na sauti. Mwalimu wa kwaya makini angemweka mstari wa nyuma. Ujanani sauti yake ilikuwa ya puani, isiyopanda wala kushuka sana. Uzeeni, baada ya sigara nyingi, ilizama chini mpaka ikakaribia maongezi kuliko uimbaji. Hata hivyo watu walimsikiliza karibu miaka 50, na bado wanamsikiliza, ilhali wengi wenye sauti tamu kuliko yake wamesahauliwa.

Wengine husema sababu ni kwamba alikuwa mkweli. Jibu hilo halitoshi. Wapo waimbaji wabovu walio wakweli kabisa, nasi hatuwavumilii hata ubeti mmoja. Kasoro peke yake si fadhila.

Sababu ya kwanza ni kazi. Mwenye sauti nzuri anaweza kuimba maneno mepesi nasi tukampigia makofi, maana sauti imefunika umaskini wa maneno. Cohen hakuwa na kifuniko hicho. "Hallelujah" aliuhangaikia kwa miaka, akaandika beti nyingi sana na kuacha sehemu kubwa yake. Mwaka 1984 kampuni yake ya muziki ilikataa hata kuitoa nchini Marekani albamu yenye wimbo huo. Wengine ndio walioufikisha mbali, hasa John Cale mwaka 1991 na Jeff Buckley mwaka 1994. Sauti ya Buckley ni nzuri ajabu, na akiimba tunasikia uchungu wa kijana. Cohen akiimba tunasikia mtu mzima anayetoa hesabu ya maisha yake.

Na hesabu hiyo si nyepesi. Wimbo unamkumbuka Daudi aliyemwona mwanamke akioga, na Samsoni aliyenyolewa nywele. Ni haleluya ya watu walioanguka. Hapo pia upo mpaka wake, nasi tunaopenda kuuimba kanisani tuujue. Zaburi ya 51, ambayo mapokeo huihusisha na dhambi hiyohiyo ya Daudi, inasonga kutoka kukiri hadi kuomba moyo safi. Cohen hafiki huko. Anasimama mbele za Mungu na kulitaja jina lake, basi. Si wimbo wa ibada, lakini ni wimbo wa mtu ambaye hajaondoka mlangoni.

Sababu ya pili haisemwi sana. Cohen hakuimba peke yake. Karibu katika kazi yake yote aliwaweka kando yake wanawake wenye sauti safi, miongoni mwao Jennifer Warnes na Sharon Robinson. Yeye hulisema neno kwa ukavu wake, wao hulipokea na kulipandisha. Jina Cohen maana yake ni kuhani, yaani mtu wa uzao wa Haruni, na hapa ndipo tunapomkumbuka Musa. Alipoitwa alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumponya ulimi; alimpa ndugu wa kusema kwa niaba yake. Udhaifu wa mmoja ukawa nafasi ya mwingine. Ndivyo nyimbo za Cohen zilivyojengwa, na ndiyo maana msikilizaji naye huona ana nafasi ndani yake. Sauti kamilifu tunaistaajabia tukiwa tumenyamaza. Sauti yake inatuacha tuimbe naye.

Sababu ya tatu ni kwamba hakuficha uzee. Alipokaribia miaka 70 aligundua kuwa akiba yake imeibwa, na mwaka 2008 akarudi jukwaani. Alipiga magoti akiimba, akavua kofia mbele ya wapigaji wake. Albamu yake ya mwisho aliyoitoa akiwa hai, You Want It Darker, ilitoka Oktoba 2016. Aliirekodi nyumbani akiwa mgonjwa, na katika wimbo unaobeba jina la albamu aliwaita waimbaji wa Shaar Hashomayim, sinagogi la utoto wake. Humo analitamka neno la Kiebrania hineni, jibu la Ibrahimu alipoitwa na Mungu: niko hapa. Alifariki wiki chache baadaye, tarehe 7 Novemba, akiwa na miaka 82. Neno kama hilo kwa sauti laini ya studio lingekuwa pambo. Kwa sauti ile iliyochakaa, ni jibu.

Haya yanatuhusu. Siku hizi kwaya zetu zinarekodi, na mashine zinaweza kunyoosha kila noti iliyopinda. Si dhambi, wimbo mzuri ni sadaka. Lakini katika sharika nyingi, mama mzee aliyeimba miaka 40 huambiwa kwa upole apumzike, kwa kuwa sauti yake inaharibu rekodi. Kabla hatujamwambia hivyo, tujiulize rekodi ile ni ya kumsifu nani. Kama maneno anayoyaimba ameyaishi, kwaya inayomwondoa inapoteza shahidi. Sauti yake ikikwaruza, asimame mwenye sauti safi kando yake, kama Haruni alivyosimama kando ya Musa, waimbe pamoja.