Akiba ya Injini

Gereji ya mzee wangu wa Bunda haina kibao. Iko chini ya mwembe, kando ya barabara kuu iendayo Musoma, na mgeni akiuliza huambiwa afuate mlio wa injini isiyokohoa. Nimeketi pale saa nyingi, juu ya tairi lililochakaa, nikitazama mikono ya mtu ninayemhesabu miongoni mwa wasomi wa mkoa huu wa Mara.

Jumamosi moja kijana aliingia na Toyota Altezza kutoka Musoma, gia sita za mkono, limeng'arishwa mpaka unajiona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linaumwa wapi?"

"Haliumwi, mzee. Nataka unifungie turbo."

Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alifungua boneti, akang'oa koili moja baada ya nyingine, akafungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Tatu zilikuwa na rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai ya maziwa. Ya nne katika kuzitazama, yaani ya silinda ya tatu, aliisogeza juani na kuniita. Juu ya kauri nyeupe palikuwa na vichembe vya fedha, vidogo kuliko chumvi ya unga. "Hiyo ni pistoni," alisema. "Imeanza kulika."

Vile vichembe ni aluminiamu. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukilipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, injini hugonga, na kila inapogonga hubandua kidogo uso wa pistoni. Dereva anaweza asisikie kitu, hasa akiwa na muziki. Plagi husikia yote na kuandika, na fundi huja baadaye kusoma.

Kisha mzee akamweleza kijana habari ambayo ningependa kila mwenye ndoto ya gari la mbio aisikie. Injini ya Altezza ile ni 3S-GE. Ina ndugu yake, 3S-GTE, iliyokuwa ndani ya Celica GT-Four. Ni damu moja: pistoni za kipenyo cha milimita 86, mwendo wa milimita 86, jumla sentimita za ujazo 1,998. Lakini wamelelewa tofauti. Yule wa GT-Four ya mwisho, ST205, anabana mchanganyiko mara 8.5 tu, kwa sababu turbo imeshamshindilia hewa kabla hajaanza kubana. Huyu wa Altezza anavuta hewa kwa pumzi zake mwenyewe, basi akapewa mbano wa 11.5, na kwa mizunguko 7,600 kwa dakika hutoa nguvu za farasi 210.

Hapo ndipo ulipo ulinganisho wote. Watu hubishana turbo na isiyo turbo kana kwamba ni Simba na Yanga, ilhali swali la fundi ni moja: kiwanda kimeacha akiba kiasi gani? Kwenye turbo kimeacha nyingi. Ongeza msukumo kidogo, fungia nozeli kubwa zaidi na intakula inayopoza vizuri, panga upya kontroboksi, na farasi 255 za GT-Four zinavuka 300 bila kufungua chini ya injini. Kwenye Altezza, akiba hiyo kiwanda kimeila chenyewe. Farasi 105 kwa kila lita, bila turbo, kwa gari la dukani lenye dhamana! Anayetaka zaidi hapo lazima achonge njia za hewa kwenye hedi, abadilishe kamshafti, atafute ekzosi yenye urefu unaofaa, na baada ya miezi akipata farasi ishirini za kweli amefanya kazi ya kuvuliwa kofia. Ukimshindilia turbo mwenye mbano wa 11.5 bila kubadilisha pistoni, vile vichembe vya fedha vitakuwa vipande.

Kwa hiyo kwa hesabu turbo inashinda, tena kwa mbali. Nakubali bila kinyongo. Na sisi wa kandokando ya Nyanza tuna sababu ya ziada ya kuipenda. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ambao Dar es Salaam ni kilopaskali 101, Musoma ni kama 88. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia 12 ya nguvu kabla hujatoka getini. Zile farasi 210 zinabaki kama 185. Turbo inayoongeza kilopaskali 90 juu ya hewa ya mahali hupoteza kama asilimia 7 tu. Dereva wa lori la turbo anayepandisha shehena kuelekea Sirari anaujua ukweli huu kwa mguu wake, hata kama hajawahi kuusoma.

Lakini historia ya huku kwetu inanizuia kuwadharau wasio na turbo. Mbio za magari za Safari zilianza 1953, enzi hizo zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alizishinda mara tano, 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun zisizo na turbo. Mwaka 1983 Audi Quattro ilikuja na turbo na magurudumu manne yanayovuta, ikaachwa nafasi ya pili na Opel Ascona 400 ya Ari Vatanen, gari la kuvuta nyuma lisilo na turbo. Mwaka uliofuata Celica ya turbo ya Björn Waldegård ikashinda, na mlango ukafunguka. Ile 3S-GTE nayo ilipata zamu yake: 1990, 1992, 1993, na 1994 mikononi mwa Mkenya Ian Duncan.

Ninachokipenda zaidi ya hesabu na historia ni mikono. Nimemwona mzee akichunguza turbo ya Subaru: anakizungusha kishafti kwa vidole viwili, anakitikisa upande kwa upande, anakivuta na kukisukuma. Kuyumba kidogo upande anakubali, kwa kuwa oili itakishika. Kikienda mbele na nyuma, anaiweka chini kimya kimya na mwenye gari anajua. Kishafti kile huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Nimemwona pia akilainisha njia za hewa za hedi kwa msasa, jioni tatu nzima, akipitisha kidole kidogo ndani na kufumba macho.

Jumamosi ile ya Altezza hakuchonga wala kufunga chochote cha ajabu. Aliinama tena, akaonyesha chujio la koni ambalo kijana alilifunga wazi nyuma ya rejeta, kwa ajili ya sauti. "Unamlisha hewa ya jikoni," alisema. Kila nyuzi tatu za joto zinazoongezeka huondoa karibu asilimia moja ya uzito wa hewa, na hewa ya moto ndiyo huanzisha kugonga. Kijana alikuwa ameongeza hasara yake juu ya ile ya mwinuko. Boksi la chujio la asili lilikuwa kwenye buti. Likarudishwa na bomba lake la kuvuta hewa ya mbele, plagi mpya ikaingia silinda ya tatu, na tukatoka Bunda, tukakunja Makutano kuelekea Butiama. Kwenye mlima mzee aliagiza gia ya tatu, akashusha kioo, akazima redio kwa mkono wake mwenyewe. Injini ilipanda mizunguko kwa sauti moja, safi, kama mtu anayesoma bila kukwama.

Tuliporudi alikataa kugusa kitu. Hedi ya aluminiamu ikiwa moto, ukiing'oa plagi unaharibu uzi. Tulikunywa chai. Kijana aliuliza bei ya turbo ya Celica, kwa sauti ya chini kuliko asubuhi, na mzee akamtajia na bei ya pistoni pia. Injini ilipopoa aliifungua ile plagi ya silinda ya tatu, akaielekeza kwenye mwanga wa mwisho wa jua, akaigeuza pande zote. Akairudisha kwa vidole, taratibu, mpaka uzi ukashika, ndipo akaomba spana.