Tamthilia ya Majirani Hupimwa kwa Sikio

Imesifiwa tena. Tamthilia ya vipindi vichache, iliyotolewa kwenye riwaya ya majirani wenye vituko, imepigiwa makofi ukumbini, na tangu hapo kila kibanda cha chai hapa Gitega, Kigali, kinairudia sifa hiyohiyo: picha ni safi, mavazi yanapendeza, droni imepita juu ya mapaa ya Nyarugenge vizuri mno, na hadithi imefuata kitabu bila kuacha sura. Mimi nimeitazama yote. Ni kazi mbovu. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu kazi mbovu ikisifiwa, mlaghai hupewa bajeti ya pili na fundi wa kweli hurudi kupiga picha za harusi.

Kufuata kitabu sura kwa sura si sifa. Riwaya ya majirani haiishi kwenye matukio. Mwenye nyumba anayejua mambo ya wote, bwana mzima anayezungumza na njiwa, binti anayerudi alfajiri, mzee anayekusanya saa mbovu: hao ni chambo cha kumvuta msomaji. Kilichomo ndani ni kujuana. Watu wamepangwa karibu kiasi kwamba kila mmoja anajua zaidi ya alivyokusudia kujua, na anajulikana zaidi ya anavyopenda. Mwandishi wa kitabu analipata hilo kwa urahisi, kwa kuwa msimulizi wake hupenya kuta. Televisheni haina msimulizi huyo, na ikimleta kwa sauti inayoeleza juu ya picha, imekiri kushindwa. Hapo mimi huzima.

Chukua riwaya ya Gaile Parkin ya mwaka 2009, *Baking Cakes in Kigali*, ambayo kila mtayarishaji wa mji huu angepaswa kuwa nayo mezani. Angel Tungaraza, Mtanzania aliyehamia Kigali, anaoka keki nyumbani, na majirani wa jengo lake wanakuja kuagiza. Wanakunywa chai, wanaongea, na pamoja na keki wanaacha siri. Mlaghai ataona hapo keki za rangi. Fundi atauliza swali moja tu: wakati huyu anamweleza Angel siri yake, nani yuko upande wa pili wa ukuta, na anasikia nini?

Nitaanza na kanuni nyepesi ili nizimalize. Vipindi visizidi sita. *Tales of the City* ya Armistead Maupin ilianza gazetini San Francisco mwaka 1976, ikawa kitabu mwaka 1978, na ilipofika kwenye televisheni mwaka 1993 wapangaji wote wa jumba la 28 Barbary Lane walitosha ndani ya vipindi sita. Anayetaka kumi na tatu anauza matangazo. Mwenye nyumba aigizwe na mtu mzima mwenye uso uliokwisha kuona mengi, kama Olympia Dukakis alivyokuwa Bi Madrigal, wala asipewe msichana aliyepakwa mvi. Jirani mwenye kichaa asichekwe kabla hatujamwona akiwa peke yake. Na wapangaji wa juu wasikae kama wapangaji wa chini. Alaa Al Aswany alilijua hilo alipoliandika Jengo la Yacoubian la Cairo, lenye matajiri ghorofani na maskini kwenye vyumba vya juu ya paa, na filamu yake ya mwaka 2006 haikulisahau.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mtazamaji wa kawaida hulipita kila mara, na wahakiki wetu pia hulipita. Fumba macho. Sikiliza chumba. Je, unamsikia jirani?

Nazungumzia Gitega kwa sababu ndiyo shule niliyosomea. Nyumba nyingi za kupanga hapa ni za rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, iliyopigwa plasta, vyumba kadhaa chini ya paa moja la mabati. Mahali pengi ukuta wa kugawa haufiki juu. Mwanga wa taa ya jirani unaingia kupitia hapo, na maneno yake pia. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza humwambia pole asubuhi. Watu wanaoishi hivyo wana ustadi ambao hakuna aliyewafundisha. Ya watoto yanasemwa kwa sauti yoyote. Ya mkwe yanasemwa polepole. Ya pesa hayasemwi mpaka redio ipandishwe.

Hiyo redio ndiyo kipimo changu. Katika tamthilia mbovu redio ni pambo la mezani: inalia tu, na fundi sauti anaishusha ili tumsikie nyota. Katika tamthilia nzuri kuna mkono unaoipandisha, na jirani wa pili anajua mara moja kwamba kuna jambo linafichwa. Mwangalie huyo jirani. Kama mwongozaji ni mjuzi, jirani atanyanyua uso. Hakuna neno lililosemwa, na tayari watu watatu wamo ndani ya siri moja.

Mvua nayo. Mvua kubwa ikipiga mabati, hakuna anayemsikia mwenzake hata kitandani. Kwa mpangaji wa Gitega hiyo ndiyo saa ya uhuru: mume na mke hugombana wakati huo, na wapendanao huambiana yaliyosubiri tangu kiangazi. Mwongozaji anayeyajua haya huihifadhi mvua kwa ajili ya maungamo, na maungamo hayo hupigwa kelele masikioni. Asiyejua huweka mvua, huweka kinanda juu yake, kisha watu wawili wananong'onezana chini ya bati wakiwa hatua nne mbali na wanasikilizana. Jambo hilo haliwezekani. Aliyelipigia makofi hajawahi kulala chini ya bati.

Zipo pia sauti zenye tarehe. Machi 2018 misikiti ya Nyarugenge ilizuiwa kutumia vipaza sauti kwa adhana. Hadithi ya siku hizo inayopitisha adhana ya spika juu ya mapaa ya mtaa wetu wa Biryogo inadanganya, na hadithi ya miaka ya nyuma yake isiyo na adhana inadanganya vilevile. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wakati wa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, magari na pikipiki hutulia mpaka saa tano asubuhi. Huo ndio ukimya ambamo neno moja la uani hufika mbali. Ningekuwa naandika kipindi cha siri kuvuja, ningekiweka hapo wala si pengine.

Mabingwa walikuwapo. Katika *Rear Window* ya Hitchcock, ya mwaka 1954, karibu muziki wote unatoka kwenye madirisha ya majirani wenyewe, na mwanamke mpweke wa ghorofa ya chini anaacha kujiua kwa sababu amesikia wimbo wa jirani asiyemjua. Hapo sauti inaokoa roho ya mtu. Walter Murch, kwa *American Graffiti* ya mwaka 1973, alichukua kipindi cha redio kilichorekodiwa, akakipiga kwenye spika nje uani, akakirekodi upya ili kibebe kuta na hewa ya mahali. Spika moja na uwanja vinatosha. Uwanja tunao.

Nilifanya kazi na mzee mmoja aliyejifunza ufundi wake redioni. Alikataa kufungua bumu, maikrofoni yake ya mti mrefu, mpaka mwongozaji amwoneshe kila chumba kinapakana na kipi. Onesho lilikuwa la watu wawili wanaokula. Yeye akawaweka waigizaji wengine chumba cha pili, wagombane kwelikweli, kwa maneno ambayo walaji hawakuambiwa. Katikati ya ugomvi mwanamke aliyekuwa anakula akaacha kutafuna. Mwongozaji akataka warudie kwa sababu tonge lilibaki shavuni. Mzee akamwambia, "Usirudie, mwanangu. Hapo amesikia."

Walaghai nao nawajua kwa kazi zao. Yupo aliyekodi jumba la vigae kwenye mtaa wa matajiri wa Nyarutarama akaliita Biryogo. Vigae vinarudisha sauti, na sebule inalia kama bafu. Ili kuficha hilo alinunua kelele za mji zilizo tayari: honi nyingi za jiji jingine kabisa, mbwa ambao mtaani kwetu ni nadra, na jogoo mmoja anayewika kwa mlio uleule alfajiri na magharibi, kipindi baada ya kipindi. Kazi hiyo ilipata tuzo. Waamuzi walitazama pazia.

Wala tusiseme hatukufunzwa. Tangu mwaka 1999 Urunana, mchezo wa redio uliofuata mfano wa *The Archers* wa BBC, umejenga kijiji kizima cha Nyarurembo bila picha hata moja. Kizazi changu kiliwajua wanakijiji wale kwa namna wanavyobisha hodi. Ulitembea kutoka uwanja wa kwanza mpaka wa mwisho na hukukosa sentensi, kwa kuwa kila redio ilikuwa palepale. Masikio yale yalikuwa makali kuliko ya waliosoma filamu ng'ambo, na ninasikitika kila ninapoona waandishi wapya wakianza na rangi za ukuta.

Na sauti zenyewe zinahama. Mpazi, ndani ya sekta hii ya Gitega, familia zimeingia kwenye majengo ya ghorofa ya matofali yaliyojengwa palepale zilipokuwa nyumba zao. Ni makazi bora, na jirani sasa anasikika kutoka juu: nyayo, kiti kinachoburutwa, ndoo. Hadithi za huko zitataka masikio mapya. Za mabati zinataka kurekodiwa sasa, usiku, pasipo waigizaji, bumu likiwa limeachwa uani mpaka kuche.

Basi unapoletewa tamthilia ya majirani, anza na kipindi cha pili, kwa maana cha kwanza hupambwa kwa ajili ya wafadhili. Geuzia kioo mgongo. Kama baada ya muda mfupi huwezi kusema nani anaishi kushoto na nani kulia, usiendelee. Kama unaweza, geuka utazame, na uyasamehe makosa ya mavazi, ya taa, hata ya uigizaji. Na ukiwa miongoni mwa wanaotoa tuzo, mwite kwanza jukwaani fundi sauti, ndipo umwite mwenye droni.