Spana Namba Kumi

Siku ya kwanza, fundi hakukubali kuniuzia betri. Kibanda chake kiko pembeni mwa soko la Kibuye, hapa Kisumu, na nilimfikia nikiwa na pesa mfukoni, nimeshaamua kwamba yangu imekufa. Gari lilikuwa limegoma kuwaka asubuhi mbili mfululizo. Alifungua boneti, akagusisha ncha za mita kwenye vichwa vya betri, akasoma 12.1. "Mwalimu, hii ina njaa," akasema. "Kama ni mgonjwa pia, bado sijui. Niachie, urudi kesho."

Heshima yangu kwake ilianzia hapo. Betri ya gari ni vyumba sita vilivyoungwa kwa mfululizo, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo. Ikishiba husoma karibu 12.6. Ikishuka hadi 12.1 imebakiwa na chini ya nusu ya moto wake, lakini mita haikuambii ni nani aliyeula. Huenda alteneta haichaji. Huenda taa ya buti hukesha ikiwaka bila mtu kuiona. Anayenunua betri mpya kabla ya kujua hayo atanunua nyingine muda si mrefu.

Niliporudi alikuwa ameichaji usiku kucha na kuiacha itulie. Alifungua vifuniko sita, akanyonya asidi ya kila chumba kwa haidromita, taratibu, akiinama hadi jicho lake likawa sawa na usawa wa asidi. Katika vyumba vitano boya lilielea kwenye 1.26. Katika cha tatu lilizama, likasoma 1.12. Alirudia mara mbili. Kisha akanyoosha kidole: "Huyu mmoja ndiye anayewaangusha wenzake." Sasa tuliweza kuzungumza habari ya betri mpya.

Vitabu vingi vya magari huandikwa na watu wa nchi za theluji, ndiyo maana hulaumu baridi betri inapokufa. Huku ziwani muuaji ni joto. Alasiri ya Kisumu hufika nyuzi 30, na chini ya boneti ni zaidi ya hapo. Maji hukauka vyumbani, nayo asidi hula kiunzi cha risasi upesi zaidi. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa betri kwa nusu.

Nilitaka kubwa kuliko ya zamani. Alinikatalia, akapima trei kwa shubiri yake, akanisomesha maandishi ya betri tunayoiita NS60L: 46B24L. Ile 46 ni kiwango cha nguvu. B ni kipimo cha upana na kimo. 24 ni urefu kwa sentimita. L huonyesha vichwa vimekaa upande gani, na ukichukua R kwa makosa, waya mmoja haukifikii kichwa chake. Kisha akatafuta tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa ni mpya kwa rangi tu.

Tukiwa hapo alifika mvuvi wa omena kutoka Dunga, akitaka betri ya gari kwa ajili ya taa zake za usiku. Fundi hakumuuzia pia. Starta huhitaji moto mwingi kwa sekunde chache, kwa hiyo betri ya gari huwa na sahani nyembamba, nyingi. Taa za omena huhitaji moto kidogo hadi alfajiri, na sahani zile nyembamba zikikamuliwa hadi mwisho kila usiku huharibika upesi. Alimwelekeza kwa muuza betri za sola. Nilihesabu: wateja wawili, mauzo mawili aliyoyakataa kwa muda wa siku mbili.

Halafu akanikabidhi spana namba kumi. "Shika mwenyewe, mwalimu. Siku moja utakwama Usenge na mimi sipo."

Waya wa hasi hutoka kwanza. Nilikuwa nimelisikia hilo miaka mingi bila kulielewa. Bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya, spana ikagusa chuma kando yake, moto wote wa betri hupita kwenye spana kwa cheche. Hasi ikishatoka, spana ya chanya inaweza kugusa bodi bila cheche. Wakati wa kufunga, mpangilio hugeuka: chanya kwanza, hasi mwisho.

Vibanio vilikuwa vimeota unga mweupe. Fundi alikoroga magadi kwenye maji ya moto, magadi yale yale ambayo mama zetu hulainishia mboga za osuga, akamimina, povu likachemka na asidi ikafa. Akasugua hadi risasi ikang'aa. Bano la kushikilia betri nililikaza mwenyewe, naye akaongeza robo mzunguko, kwa kuwa mtikisiko wa barabara mbovu huangusha unga wa sahani chini ya chumba. Grisi ilipakwa mwisho, juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Betri kuukuu aliipima kwa mizani na kuinunua kutoka kwangu. Risasi yake huyeyushwa upya. Asidi haikumwagwa mtaroni, maana mitaro ya mji huu huelekea ziwani. Alinawa kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kugusa kikombe chake cha chai. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu walipata sumu ya risasi kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Nami nilinawa hadi viwiko.

Niliwasha gari. Mita ikasema 14.1: alteneta inachaji. Nilidhani tumemaliza, nikanyoosha mkono kushusha boneti.

"Zima," akasema. Alishika kibanio cha chanya kwa vidole viwili, akakisokota kwa nguvu, kisha cha hasi. Havikusogea. Akaniachia boneti niifunge.