Sweta Hii ni ya Nani?

Mwulize mtoto wa Gredi ya Kwanza pale Ruiru "What is your name?" na atakujibu bila kusita, kwa kuwa swali hilo amelisikia tangu chekechea. Sasa geuza kibao, mwambie yeye ndiye aulize. Usishangae akisema: "Who is your name?" Huo si uzembe. Kiswahili chake kinauliza jina lako ni nani, na "nani" ameambiwa ni "who". Mwenzake aliyelelewa kwa Kikuyu atakuja na lake, "How are you called?", maana nyumbani kwao mtu huulizwa "Wĩtagwo atĩa?", unaitwaje. Mwalimu hodari wa gredi za chini husikia katika kila kosa lugha ya nyumbani ambako limetoka, na hapo ndipo huanza kazi.

Kazi hii haina wa kuisifu. Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, walimu hubebwa juujuu kwenye runinga. Aliyemfanya mtoto wa miaka saba aache kuchanganya "where" na "when" hatajwi popote, ingawa bila yeye maswali ya mtihani huo yasingesomeka.

Thika na Ruiru ni miji ya wapangaji. Darasa moja lina watoto ambao wazazi wao wametoka Murang'a, Kakamega, Kitui na Kisii, na kinachowaunganisha ni Kiswahili, au Sheng' kwa kusema kweli. Tangu ripoti ya Gachathi kuhusu elimu ya mwaka 1976, sera imekuwa mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo katika miaka mitatu ya mwanzo, Kiingereza kikiwa somo. Shule nyingi za mjini, hasa za binafsi, hukirukia Kiingereza siku ya kwanza. Hata palipofuatwa sera, mtoto hujifunza kusoma lugha mbili kwa pamoja; ndivyo vilivyopangwa vitabu vya mpango wa kusoma wa Tusome vilivyosambazwa nchini Kenya kuanzia 2015.

Hapo ndipo "who" na "how" zinapomnasa. Ni herufi tatu zilezile, zimepangwa upya tu. Mtoto aliyezoea ha, he, hi, ho, hu anajua kwamba katika Kiswahili kila herufi ina kazi yake. Halafu anaonyeshwa w-h-o na kuambiwa isome "hu". Ile w inafanya nini pale? Na mbona katika "what" na "where" inasikika? Mwalimu mmoja niliyemtazama Ruiru hakujaribu kueleza, na nadhani alifanya vyema, kwani historia ya tahajia ya Kiingereza haimsaidii mtu wa miaka saba. Alikuwa amekata vipande vitatu vya katoni, kila kimoja na herufi yake, akampa kila mtoto seti. Akitamka "who", midomo inabinuka kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Akitamka "how", taya linashuka. Watoto waliweka kiganja chini ya kidevu, wakasikiliza neno, kidevu kikashuka au kisishuke, ndipo wakapanga vipande mezani. Hakuna aliyeulizwa maana. Maana ilisubiri hadi masikio, midomo na macho viafikiane.

Lakini ufundi wenyewe, ule unaonifanya nivue kofia, uko kwenye namna mwalimu huyo anavyojibu. Aliandika ubaoni "On Sunday" na kunyamaza. Darasa litafute swali linalostahili jibu hilo. Mkono ukainuka: "Where you go to church?" Hakusema umekosea. Alijibu alichoulizwa, kwa uso mkavu: "In Makongeni." Kisha akagonga ubao, pale palipoandikwa Jumapili. Kimya. Mtoto akatazama ubao, akamtazama mwalimu, akagundua mwenyewe kwamba ametuma swali sokoni na limerudi na bidhaa nyingine. "When! When you go to church?" Kile kitenzi kisaidizi kilichokosekana, "do", mwalimu alikiacha kipite. Kina siku yake. Anayesahihisha mambo matatu kwa mpigo hasahihishi hata moja.

Ni mbinu ngumu kuliko inavyoonekana. Ulimi wa mwalimu unawasha kutoa jibu sahihi, kengele inakaribia, na darasa limejaa. Kujibu swali bovu kwa uaminifu, ukasubiri aliyeliuliza alione kasoro yake, kunataka utulivu ambao sijauona katika kazi nyingi. Hata "Who is your name?" hujibiwa vivyo hivyo: anataja mtu. "Who? Me, I am your teacher." Mtoto anaona jina halijapatikana.

Kwa "which" mwalimu hana haja ya kwenda mbali. Barabara ya Thika imemwekea vifaa: matatu ya 145 inakwenda Ruiru, ya 237 inakwenda Thika. Panapokuwa na mbili za kuchagua, ni "which". "What" ni pale ambapo jibu linaweza kuwa chochote duniani. Mpaka huo hata watu wazima wanauvuka ovyo, kwa hiyo haukazi sana.

"Whose" ina boksi lake, la vitu vilivyopotea. Sweta, vikombe, penseli zilizotafunwa. Anainua sweta ya kijani, "Whose sweater is this?", na mwenyewe haipati hadi mwingine alirudie swali hilo sawasawa. Hapa pana mtu aliyepotelewa kweli, na darasa zima linatafuta kweli. Linganisha na zile karatasi za mazoezi za kujaza pengo, mstari mmoja baada ya mwingine, ambako mtoto anaandika "whose" kwa sababu ndilo neno pekee lililobaki juu ya ukurasa. Zinajaza faili, basi.

Si kila mahali herufi zinamchanganya mtoto kwa njia hiyohiyo. Thika ina shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Katika Breli ya Kiingereza iliyofupishwa, "who" na "how" hazina alama hata moja inayofanana. Kidole hakiwezi kuzikosea. Mtego umehamia kwingine: alama moja ya "wh", nukta 1, 5 na 6, ikisimama peke yake ni "which", ikitanguliwa na nukta 5 ni "where", ikitanguliwa na nukta 4 na 5 ni "whose". Tofauti kati ya mahali na mwenye mali ni nukta moja tu. Kwa hiyo anayefundisha viulizi kwa Breli hawezi kuazima vipande vya katoni vya mwenzake wa Ruiru na mpangilio wake ukafaa. Anaanza na "where" na "whose", na yale mawili yanayowatesa wanaoona anaweza kuyafundisha siku moja.