Shirley: jina la kiume lililohamia kwa wasichana

Ukisikia leo mtu anaitwa Shirley, hujiulizi mara mbili: ni mwanamke. Charlotte Brontë alipotoa riwaya yake Shirley mwaka 1849, akiwa amejificha nyuma ya jina la Currer Bell, mambo yalikuwa kinyume. Lilikuwa jina la ukoo, na kabla ya hapo la mahali. Kwa Kiingereza cha kale ni uwazi wenye mwanga katikati ya msitu. Akipewa mtoto, basi mara nyingi ni wa kiume.

Riwaya yenyewe haifichi. Wazazi walitaka mvulana, akaja msichana, wakampa jina lilelile la ukoo ambalo kaka angepewa. Shirley Keeldar ana miaka 21, yatima, mrithi wa Fieldhead kule Yorkshire, enzi zile za 1811 na 1812 wafanyakazi wakivunja mashine za viwanda vya nguo. Anajiita Kapteni Keeldar, anabishana biashara na wanaume, na mwenye kiwanda Robert Moore ni mpangaji wake. Jina limempa ruhusa. Au tuseme ukweli, pesa ndiyo imempa ruhusa, jina ni koti tu. Mtazame rafiki yake Caroline Helstone: akili anazo, urithi hana, anabaki kushona na kusubiri.

Sisi tunaye Asha Juma, Neema Joseph; jina la kiume linatembea nyuma ya binti, halimtangulii. Na “yeye” yetu haina jinsia, kwa hiyo atakayekitafsiri kitabu hiki atakuwa na “Kapteni” peke yake kubeba mzaha mzima. Kazi ipo hapo!

Baada ya kitabu, wazazi wakaanza kuwapa mabinti jina hilo, na miaka ya 1930 mtoto nyota wa Hollywood, Shirley Temple, akalisambaza kabisa.

Kinachoniudhi ni mwisho. Najua Brontë aliandika akizika: Branwell na Emily 1848, Anne 1849. Elizabeth Gaskell alieleza kwamba Shirley ni Emily kama angekuwa na afya na mali, na ukijua hilo baadhi ya kurasa zinauma kweli. Lakini Kapteni anaolewa na Louis Moore, mwalimu asiye na kitu, halafu anaacha makusudi kuamua mambo, eti mumewe ajifunze kutawala. Kurasa zote zile za ukapteni, kumbe alikuwa anamshikia mtu kiti.