Tutazame Tamthilia Gani za Kiswahili?

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lakini sheria ni jambo moja na sikio ni jambo lingine. Mwanafunzi wa Kiswahili nchini kwetu anaweza kuzijua ngeli zote bila kukosea, na bado asielewe mzaha wa Mtanzania aliyekaa naye kwenye basi. Ukitoka darasani utakisikia Kiswahili Nyamirambo, na utakisikia kwa madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam na Mombasa. Kwingineko, maisha huendelea kwa Kinyarwanda.

Ndiyo sababu wengi wetu hukimbilia tamthilia za televisheni. Kuhusu jambo hili kuna maoni mawili yanayosikika mara kwa mara. Baadhi ya walimu husema tamthilia huharibu lugha kwa kuwa zimejaa Sheng na Kiingereza. Afadhali mwanafunzi asome riwaya. Wanafunzi nao husema tazama chochote, mradi wanaongea Kiswahili. Mimi sikubaliani na upande wowote. Bando la intaneti ni ghali, muda ni mchache, na tamthilia moja ndefu inaweza kumeza jioni zako za miezi mitatu. Ni haki basi kuuliza: ipi inastahili?

Kigezo changu ni kimoja. Katika fasihi tumefundishwa kutenganisha fani na maudhui ili tuweze kuchambua, lakini katika tamthilia vitu hivyo viwili hujulikana pamoja kupitia kinywa cha mhusika. Mwandishi anayemjua mhusika wake humpa namna yake ya kusema. Mama hasemi kama binti, tajiri hasemi kama mlinzi. Pale ambapo wahusika wote wanazungumza kwa namna moja, mara nyingi utakuta pia kwamba wote ni wahusika bapa na kisa hakina uzito. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta lugha nzuri na mtazamaji anayetafuta kisa kizuri wanatafuta kitu kilekile.

Ya kwanza ninayoipendekeza ni Siri ya Mtungi, tamthilia ya Tanzania iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2012, kazi ya kampuni ya MFDI. Kisa kinatendeka hasa Bagamoyo. Mhusika mkuu ni Cheche, mpiga picha mwenye studio yake, mume wa Cheusi. Anampenda mkewe, lakini macho yake hayatulii. Karibu naye yupo Mzee Kizito mwenye wake zaidi ya mmoja, na yupo kijana Duma. Tamthilia hii ilifadhiliwa na Wamarekani kupitia mpango wao wa kupambana na UKIMWI, na zipo sehemu ambapo ufadhili huo unaonekana: mhusika anaanza kuzungumza kana kwamba anasoma kijikaratasi cha zahanati. Hata hivyo sehemu hizo ni chache kuliko mtu anavyoweza kuogopa. Cheche hatolewi kama mtu mbaya anayesubiri adhabu. Ni mtu wa kawaida anayejidanganya kidogo kidogo, na sisi tunaona kila uongo unavyozaa mwingine.

Kwa mwanafunzi, faida yake kubwa ni adabu ya lugha. Katika Kinyarwanda tunaonyesha heshima kwa kumsemesha mtu mmoja kwa wingi: rafiki unamwambia "waramutse", mzee unamwambia "mwaramutse". Kiswahili kina njia nyingine, na darasani tunaifupisha kuwa "shikamoo" na "marahaba", basi. Ukitazama Siri ya Mtungi utaona kwamba salamu ni mwanzo tu. Sikiliza mke anavyomwita mume mbele ya wageni na anavyomwita wakiwa wawili. Sikiliza kijana anavyomwomba mzee kitu bila kukitaja. Hayo hayamo katika jedwali lolote la sarufi. Ushauri wangu ni mmoja tu: ukikuta maandishi ya tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini, yafunike kwa karatasi. Macho ni mavivu. Yakiona Kiingereza, masikio yatalala.

Ya pili ni Papa Shirandula, iliyoonyeshwa Citizen TV ya Kenya kwa zaidi ya miaka kumi. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza kama mlinzi ambaye amemficha mkewe, Wilbroda, kazi anayoifanya. Nyumbani yeye ni mtu wa ofisini; kazini anafungua lango. Hicho ndicho kiini cha vichekesho vyote, na ni kiini chenye uchungu. Mtu anaona aibu juu ya kazi inayomlisha. Nani kati yetu hana jamaa aliyekwenda mjini au nchi jirani, akasema nyumbani kwamba mambo ni mazuri? Bukeko alijua kumchekesha mtazamaji na papo hapo kumfanya amwonee huruma mtu huyu mnene mwenye kiburi. Kasoro ipo: kipindi kikidumu miaka mingi hivyo, utani hurudiwa, na baadhi ya wahusika hubaki palepale walipokuwa tangu mwanzo.

Hapa ndipo walimu hupinga. Watasema Kiswahili cha Papa si sanifu, kina lafudhi ya Kiluhya. Ni kweli, wala halipaswi kufichwa. Lakini pingamizi hilo linatuleta kwenye swali zito kuliko usanifu, yaani swali la kicheko. Tulichukue pamoja na kipindi kikongwe zaidi, Vioja Mahakamani.

Vioja Mahakamani kimekuwa hewani Kenya tangu miaka ya 1970, wakati KBC ingali ikiitwa Sauti ya Kenya. Umbo lake halibadiliki: mahakama, hakimu, kiongozi wa mashtaka, mashahidi, na mshtakiwa kizimbani akijitetea kwa kesi ya wizi, ya ulaghai au ya ugomvi wa majirani. Kwa upande wa msamiati ni hazina. Mtu akitazama vipindi kumi atakuwa ameyasikia maneno kama ushahidi, dhamana, faini, kukata rufaa na kukana mashtaka yakitumika na watu waliokasirika, na hatayasahau.

Lakini sehemu kubwa ya kicheko chake inatoka kwenye lafudhi. Mjaluo, Mkalenjin, Mkikuyu, kila mmoja analeta Kiswahili chake mahakamani na watazamaji wanacheka kabla hata hajamaliza sentensi. Sisi majirani hatuwezi kulitazama jambo hili kwa wepesi. Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili husumbuliwa na "l" na "r": anataka kulala, anasikika akirara. Akishazoea kuona lafudhi ikichekwa kwenye televisheni, kesho yake darasani ataandika vizuri na atanyamaza. Nimewaona wanafunzi wenye alama za juu katika mtihani wa maandishi ambao hawathubutu kuagiza chai kwa Kiswahili. Kicheko cha televisheni si sababu pekee, lakini kinachangia kujenga imani kwamba Kiswahili kina wenyewe, na wengine ni wageni wanaovumiliwa.

Pamoja na hayo ninakipendekeza kipindi hiki, kwa sababu ukikitazama kwa makini utaona jambo lingine. Mshtakiwa mwenye lafudhi nzito zaidi mara nyingi ndiye mjanja kuliko wote. Anaulizwa swali, analigeuza. Anabanwa, anateleza. Hakimu hawezi kumwambia anyamaze eti kwa kuwa matamshi yake ni mabaya; ni lazima amsikilize mpaka mwisho, na hukumu hutolewa kwa alichokisema, si kwa jinsi alivyokitamka. Basi tukitazame, lakini tujiulize kila mara tunapocheka: tunacheka hila ya mtu huyu au tunacheka ulimi wa mama yake? Kicheko cha kwanza kinatufundisha lugha. Cha pili kinatufunga midomo.

Ya nne ni Country Queen, iliyotoka Julai 2022 kwenye Netflix, yenye sehemu sita tu. Akisa, aliyeigizwa na Melissa Kiplagat, ni mwandaaji wa sherehe jijini Nairobi. Baada ya miaka kumi analazimika kurudi kijijini kwao Tsilanga, na huko anakutana na mambo aliyoyakimbia na kampuni ya madini inayoitaka ardhi ya wanakijiji. Nini Wacera anaigiza kama Vivienne, mwanamke mwenye nguvu anayeiendesha kampuni hiyo.

Swali la kwanza la mwanafunzi litakuwa: je, hii ni tamthilia ya Kiswahili? Ndani yake mna Kiswahili, Kiingereza na Kikamba. Katika somo la isimujamii tungesema wahusika wanabadili na kuchanganya msimbo. Lakini usiishie kwenye istilahi. Andika kwenye daftari nani anasema lugha gani, na kwa nani. Kiingereza ndicho lugha ya fedha na mikataba. Kikamba ni cha nyumbani. Kiswahili kimekaa katikati, mahali ambapo kijiji na jiji wanaweza kubishana. Anayetaka kuuza na anayekataa kuuza wanahitaji lugha ambayo wote wawili wanaimudu. Nchi yenye lugha rasmi nne, kama yetu, ina la kujifunza hapo. Udhaifu wake ni haraka: visa ni vingi kuliko sehemu sita zinavyoweza kubeba, na mwishoni mambo kadhaa yanamalizwa mbio. Hata hivyo napendelea tamthilia inayotuacha na njaa kuliko ile inayotulisha mpaka tusinzie.

Hilo linanifikisha kwenye tamthilia za kila siku jioni. Maria, iliyoanza Citizen TV mwaka 2019, na Sultana ya mwaka 2022 zimetoka kwa Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, ambao wote wawili ni watangazaji wa habari za Kiswahili. Katika Maria, msichana maskini anaingia katika nyumba ya matajiri. Katika Sultana, binti asiyeona anaishi katika mazingira ya Pwani ya Kenya. Kwa upande wa lugha, Sultana ni karamu. Mafumbo, vijembe na mipasho ya Pwani hupita kwa kasi, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu atapata kazi ya kutosha. Kwa upande wa kisa, umbo la kuonyeshwa kila siku linaiumiza. Siri ambayo ingefichuka kwa siku moja inazungushwa wiki kadhaa kwa sababu kesho lazima pawepo na kipindi. Zitazame sehemu chache kwa ajili ya lugha, kisha uwe na ujasiri wa kuacha.

Vipi kuhusu tamthilia za kigeni zilizoingizwa sauti za Kiswahili? Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou, bibi harusi mwenye mama wakwe wawili, kwa kuwa wazazi wa mumewe walikuwa wameachana. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Siku hizi zipo nyingi za Kichina na za Kituruki. Kiswahili chake ni safi, hutamkwa polepole, na anayeanza atakifuata kwa urahisi. Hata hivyo ni Kiswahili cha mfasiri mmoja kilichogawiwa vinywa vingi, kwa hiyo kwa kigezo nilichokitaja hakifiki mbali. Kinamfaa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha asonge mbele. Na jambo moja kwa Wanyarwanda wenzangu: agasobanuye tuziache kwa siku za mapumziko. Msimulizi anayetufasiria filamu kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji anafurahisha kwelikweli, lakini hakuna Kiswahili tutakachokipata hapo.

Kwa ufupi, mpangilio wangu ni huu. Mwaka wa kwanza, tamthilia moja iliyoingizwa sauti, isizidi hapo. Mwaka wa pili, Siri ya Mtungi yote, bila tafsiri. Mwaka wa tatu, Papa Shirandula na Vioja Mahakamani kwa ajili ya masikio, na Country Queen kwa ajili ya mjadala darasani. Walimu wetu nao wangetusaidia sana kama wangetazama pamoja nasi sehemu moja kwa mwezi na kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya, badala ya kutuonya kwa mbali.

Tamthilia ambayo ningependa kuipendekeza kuliko zote haimo katika orodha hii. Ni ile ambayo dereva wa teksi wa Nyamirambo, au mchuuzi wa kike wa Bujumbura au wa Goma, atakuwa mhusika mkuu, atazungumza Kiswahili chake mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji wa Tanga au Mombasa atangoja kwa hamu kujua atafanya nini kesho, hata asahau kuisikiliza lafudhi yake. Wanafunzi wa Kiswahili wa nchi jirani ndio wanaoweza kuiandika. Mpaka hapo itakapoandikwa, tutazame za wenzetu, lakini tuzitazame huku kalamu ikiwa mkononi.